Alasiri ya Kifilipino: mwongozo kamili wa pipi na michezo ya mtaani ya utotoni

Waliofanya kazi na Wafilipino Muscat, Doha au Dubai wanajua mazungumzo ya mapumziko yanavyokwenda. Wakishamaliza habari za mshahara na za msimamizi, wanaishia utotoni: nani alikuwa bingwa wa kuruka, pipi gani iliuzwa moja moja, mama gani alitoka na fagio kuwakusanya watoto giza lilipoingia. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwaandalia alasiri ya namna hiyo. Huenda ni mwenzako wa chumba, huenda ni wakwe zako, au una darasa la watoto wasiojua lolote kuhusu Ufilipino na unataka walijue taifa hilo kwa miguu na ulimi.

Wengi huanzia dukani. Wananunua mifuko ya pipi za Manila, wanaijaza mezani, kisha wanashangaa wageni wakila mbili tatu na kurudi kwenye simu zao. Pipi zile hazikuwahi kuliwa mezani. Zililiwa barabarani na mtoto mwenye jasho, aliyezinunua kwa sarafu yake mwenyewe katikati ya mchezo. Kwa hiyo panga saa kwanza, halafu uwanja, pipi zifuate.

Saa

Ufilipino ilitawaliwa na Wahispania kwa zaidi ya miaka 300, hadi 1898, na mambo mawili waliyoyaacha ndiyo yanayoibana alasiri ya mtoto. La kwanza ni siyesta: baada ya chakula cha mchana watoto hulazwa, wapende wasipende. La pili ni orasyon, sala ya jioni inayoambatana na kengele ya kanisa saa kumi na mbili. Mtoto aliyelelewa kizamani akiisikia anakimbilia nyumbani. Katikati kuna merienda, chakula chepesi cha alasiri, ambacho Mfilipino hakiruki hata akiwa ofisini.

Basi usiwaalike watu saa nne asubuhi. Anza saa tisa alasiri na michezo ya taratibu kwa sababu jua bado kali. Merienda iwe saa kumi. Mbio kubwa zifuate hapo hadi magharibi. Muscat au Dubai, kuanzia Mei hadi Septemba, jua halikuruhusu. Sogeza kila kitu baada ya magharibi na utafute uwanja wenye taa. Hata hivyo hujaharibu kitu. Waliokuwa watoto Manila wakati wa mgawo mkali wa umeme wa 1992 na 1993 wanakumbuka vizuri kucheza nje usiku, nyumba zote zikiwa gizani na mwezi ukiwaka.

Kabla ya hapo uliza mambo mawili: walikuwa watoto miaka gani, na kwao ni wapi. Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,000 na lugha zaidi ya 100, kwa hiyo mchezo ambao mtu wa Manila anauita patintero, wa kisiwa cha Cebu anauita tubig-tubig, na tumbang preso kwake ni tumba-lata. Ukimuuliza dada wa Cebu kama anajua tumbang preso atakujibu, lakini ukisema tumba-lata ataanza kuvua viatu. Na unapouliza, tumia heshima yao: mwanamume aliyekuzidi kidogo umri ni kuya, mwanamke ni ate, wa umri wa wazazi wako ni tito na tita.

Duka dogo la dirishani

Kila mtaa una sari-sari, duka la mbele ya nyumba lenye wavu au nondo dirishani, ambapo kila kitu huuzwa kwa tingi: sigara moja, kijipakiti kimoja cha shampuu, pipi moja. Kwetu uswahilini jambo hili halihitaji maelezo. Kwenye alasiri yako, duka hili ndilo litakalofanya pipi ziwe na thamani.

Tafuta dirisha, au meza yenye boksi lililokatwa tundu. Mpe kila mgeni, mkubwa kwa mdogo, sarafu au vifuniko vya chupa vichache, vitano vinatosha. Muuzaji awe mtu mzima mwenye maneno, ikiwezekana Mfilipino mwenyewe, maana wauza sari-sari wana sifa ya kujua habari za mtaa mzima. Kila pipi iwe na bei. Ghali zaidi iwe ile uliyoipika kwa mkono.

Kuhusu za kununua, maduka ya Kifilipino ya Ghuba yanazo nyingi. Chukua tatu tu. Choc Nut, kijitofali cha karanga, kakao na maziwa ambacho kikiguswa kinavunjika, ndiyo ya kwanza kuisha. Haw Flakes ni visahani vyembamba vya tunda la Kichina. Watoto wa Kikatoliki walivitumia kuigiza misa, mmoja padri, wengine wamepanga foleni na ulimi nje. White Rabbit nayo ilitoka China, pipi ya maziwa yenye karatasi ya ndani inayolika. Msomaji Muislamu asome lebo kwanza, hasa kwenye jelatini.

Polvoron, ambayo lazima uipike

Ukiwa na nguvu ya kupika kitu kimoja tu, pika hii. Asili yake ni Hispania, ila Wafilipino waliibadilisha kwa kutia maziwa ya unga, na ladha yake sasa haipatikani kwingine.

Vitu vyake: unga wa ngano vikombe 2, maziwa ya unga kikombe 1 (yenye mafuta, si ya kupunguza unene), sukari laini robo tatu ya kikombe, siagi gramu 200, chumvi kidogo kama siagi haina.

1. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo, mimina unga, ukoroge bila kuacha kwa dakika 10 hadi 15. Ukiacha hata kidogo unga wa chini unaungua na ladha ya moshi inaingia kwote. Epua ukigeuka rangi ya kahawia hafifu na kunukia.

2. Uchunge kwenye bakuli, kisha uache upoe kabisa. Hapa watu huwa na haraka: maziwa ya unga yakikutana na unga wa moto yanashikana mabonge.

3. Tia maziwa na sukari, changanya. Yeyusha siagi bila kuichemsha, mimina robo tatu yake, changanya kwa mkono. Fumba kiganja: bonge likikaa umbo lake, lakini likavunjika ukiligonga kwa kidole, umefika. Likiporomoka lenyewe, ongeza siagi kidogo kidogo. Likiwa na mafuta yanayong'aa umezidisha. Ongeza unga uliokaangwa, si unga mbichi.

4. Wao wana kikombe maalumu cha chuma chenye chemchemi ya kusukuma. Usipokuwa nacho, tumia kifuniko kirefu cha chupa kilichooshwa vizuri au kijiko cha kupimia. Shindilia kwa nguvu zote, kisha gonga kwenye sinia.

5. Weka kwenye friji nusu saa ndipo ufunge. Kufunga ni nusu ya kazi: selofeni ya rangi au karatasi nyembamba ya rangi, ncha mbili zikasokotwa. Waite wageni waliofika mapema wakusaidie. Mikono ya Mfilipino aliyekuwa akiwafungia wazazi wake pipi za kuuza itakumbuka yenyewe, na hadithi zitaanza kabla hata mchezo haujaanza.

Polvoron ina mashindano yake: tia nzima mdomoni kisha piga mluzi. Hakuna anayeweza, unga unaruka kila upande, na kicheko ndicho lengo. Mashindano haya ni ya wakubwa na watoto wakubwa. Mtoto mdogo atapaliwa na unga ule mkavu. Mpe kipande na maji.

Pastillas, turon na baridi ya mfukoni

Pastillas za kweli hutokana na maziwa ya nyati wa kule, kalabaw, yaliyopikwa na sukari hadi yakashikana. Mji wa San Miguel katika jimbo la Bulacan unasifika kwa pipi hizi, na zaidi kwa pabalat, karatasi nyembamba zinazokatwa kwa mkasi mdogo hadi zitoe maua, nyumba na maandishi, mkia wa karatasi ukining'inia nje ya pipi. Bila nyati, changanya kopo moja la maziwa mazito ya sukari na vikombe 2 vya maziwa ya unga, kanda, viringisha vijiti vya urefu wa kidole, garagaza kwenye sukari, funga. Hauhitaji moto. Kazi hii wape watoto.

Turon ndiyo itakayowaleta jirani zako mlangoni kwa harufu. Ndizi yao inaitwa saba, fupi, nene, yenye wanga. Afrika Mashariki chukua mzuzu ulioiva njano lakini bado mgumu. Ndizi ya kuliwa mbichi inayeyuka kwenye mafuta. Kata kwa urefu, garagaza kwenye sukari guru iliyopondwa, weka juu yake ukanda wa fenesi bivu, funga kwa manda ya sambusa, bandika ncha kwa maji. Pasha mafuta moto wa wastani, nyunyiza ndani yake vijiko 3 vya sukari guru, isubiri ianze kuyeyuka, ndipo utie turon. Zigeuze hadi sukari izishike na kung'aa. Ziopoe kwa koleo, uziweke juu ya wavu wa chuma. Ukiziweka kwenye karatasi utakula karatasi. Sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko mafuta, kwa hiyo watoto wakae mbali na jiko, na turon isiuzwe dirishani mpaka dakika tano zipite. Ndizi hiyohiyo bila manda, ikikaangwa kwa sukari na kuchomekwa kwenye kijiti, ni banana cue. Ndiyo rahisi kwa umati.

Ice candy haina siri kwa aliyekulia pwani: ni barafu zile zinazouzwa nyumbani kwa jirani mwenye friji, ila kule huwa kwenye mfuko mwembamba mrefu, na mtoto huing'ata kona ya chini na kufyonza. Wao hupenda ya dafu lenye nyama yake, maziwa na sukari, ya embe, au ya choroko zilizopikwa. Kwa lita moja ya maji ya dafu na maziwa, koroga vijiko 2 vya unga wa mahindi laini na robo tatu ya kikombe cha sukari, chemsha mpaka uji mwepesi, poza, tia nyama ya dafu, gandisha. Ule uji huzuia barafu isiwe jiwe. Mifuko ya plastiki ina kesi Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, basi gandisha kwenye vikombe vidogo vya karatasi vyenye kijiti.

Watu watakuuliza kuhusu taho, tofu laini ya moto yenye sharubati ya sukari na tembe za sago, ambayo muuzaji huibeba kwa mti begani, ndoo mbili, akivuta sauti mtaa mzima. Ni tamu, ila ni ya asubuhi zaidi. Iache. Ukitaka mchuuzi apite, mlete muuza sorbetes: mtu mmoja, kengele ndogo ya mkononi, na aiskrimu ndani ya mkate. Ndiyo, mkate mtamu wa maziwa, uliopasuliwa. Na ladha moja iwe ya jibini. Changanya aiskrimu ya vanila na jibini la cheda lililokwaruzwa. Wasioamini wataonja na kunyamaza.

Michezo: nani ana zamu

Michezo mingi ina taya, yaani mwenye zamu ya kushika au kulinda. Hachaguliwi na mwalimu. Wote wanatoa viganja kwa pamoja, wengine juu wengine chini, na aliye peke yake ndiye taya; njia hiyo ni maiba taya. Wakibaki wawili, wanaamua kwa jak en poy, yaani mwamba, karatasi na mkasi.

Kabla hujaanza, weka nafasi ya saling-pusa. Huyu ni mtoto mdogo mno kuweza mchezo, lakini anang'ang'ania. Mtaa haumfukuzi wala haumhesabu: anakimbia na wengine, akishikwa hakuna kinachotokea, na yeye mwenyewe hajui. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuiga kutoka mitaa ile, nitachagua hiki. Mweleze kila mchezaji mkubwa kwa kunong'ona nani ni saling-pusa leo. Mgeni mzima mwenye goti bovu naye anastahili cheo hicho.

Tumbang preso

Unahitaji kopo tupu la maziwa na kandambili, kila mtu moja.

Chora duara dogo, simamisha kopo ndani. Piga mstari hatua sita hadi nane kutoka pale; wachezaji wanasimama nyuma yake, taya karibu na kopo. Kwa zamu wanarusha kandambili kuliangusha. Kopo likianguka, wote wanakimbilia kandambili zao. Taya hana ruhusa ya kumgusa mtu mpaka alirudishe kopo wima ndani ya duara. Akishalirudisha, yeyote aliyegusika kabla ya kuvuka mstari ndiye taya mpya.

Uhondo upo pale ambapo wote wamekosa na kandambili zote ziko upande wa adui. Mmoja anajifanya anatoka, mwingine anachungulia, taya anatazama kote. Usiwaharakishe hapo. Wanaotumia viatu vya michezo badala ya kandambili wanaua mchezo: kiatu ni kizito, kinaumiza, na mtu haogopi kukipoteza. Kandambili iwe ya mpira, na aliyeirusha yake abaki pekupeku mguu mmoja kama inavyopaswa. Chunga tu chupa zilizovunjika uwanjani.

Patintero

Huu ndio mfalme wa barabara. Mistari kwa jadi huchorwa kwa maji kwenye lami au udongo mkavu, na ikikauka mtu anarudi na kopo kuichora upya. Chaki ni sawa.

Kwa timu za watu wanne wanne, chora mstatili wenye upana wa hatua sita na urefu wa hatua tisa. Mstari wa mbele ni wa mlinzi wa kwanza; ndani ya mstatili piga mistari mitatu ya kukatisha kwa walinzi watatu waliobaki, na ule wa nyuma kabisa ubaki bila mlinzi. Kisha piga mmoja wa katikati kutoka mbele hadi nyuma. Kila mlinzi anasimama kwenye mstari wake na haruhusiwi kutoka nao. Anakwenda kulia na kushoto tu, mikono imetandazwa. Kiongozi wao, patotot, anashika mstari wa mbele, na ndiye pekee anayeweza kuufuata ule wa katikati mpaka nyuma. Ukimsahau huyu, mchezo unakuwa mwepesi na unachosha.

Wakimbiaji wanaingia mbele, wanapita mistari yote mpaka nyuma, kisha wanarudi. Mmoja akirudi salama ni pointi. Mmoja akiguswa, timu zinabadilishana. Mbinu ya zamani: wawili wanasimama pande mbili za chumba kimoja, mlinzi akimfuata mmoja, mwenzake anateleza. Mbinu ya patotot: kukaa kimya katikati hadi wakimbiaji wamsahau, halafu kuwagusa kwa nyuma. Mtu akihitaji kufunga kamba ya suruali anapaza sauti "taym pers!" na mchezo unasimama; atakayeitumia kukwepa kuguswa atakumbushwa hilo hadi uzee.

Ya kuruka, na ya kukaa

Luksong tinik huchezwa na timu mbili. Wawili wanakaa chini wakitazamana, nyayo zimegusana, na kujenga mwiba: kwanza mguu mmoja, kisha mguu juu ya mguu, halafu viganja vilivyonyooshwa kimoja juu ya kingine. Wengine wanaruka bila kugusa. Kila timu ina nanay, mama, mrukaji wake bora, ambaye huruka kwa niaba ya mwenzake aliyeshindwa ili timu isitoke. Fanya kwenye majani au mchanga. Luksong baka ni nduguye: mmoja anainama kama ng'ombe na kupanda kidogo kila raundi, anayemgusa vibaya akiruka anachukua nafasi yake.

Mingine wageni wako wa Kiswahili wataijua wakiiona. Holen ni gololi, au bano kwa Wakenya. Chinese garter ni kuruka mpira wa kamba, ule unaopanda kutoka kifundoni hadi kichwani. Taguan ni kujificha tu. Sipa nayo ni ya kupiga kwa mguu kijisahani cha chuma chenye nyuzi za plastiki kisianguke. Wengi waliuhesabu ndio mchezo wa taifa, mpaka sheria ya 2009 ilipoipa heshima hiyo arnis, mapigano ya fimbo.

Wazee wape sungka. Ni ndugu wa bao letu: ubao wenye mashimo saba kila upande na nyumba kubwa mbili miishoni, kete 98 za kauri za baharini, saba kila shimo. Bao lina safu nne, sungka mbili. Lakini hatua ya kwanza wachezaji wote wawili hucheza kwa wakati mmoja, mikono ikikimbizana, na mzee wa Unguja aliyezoea kutafakari atalalamika sana. Mwache alalamike, kisha mwekee bao pembeni amfundishe mwenzake.

Kufunga na kubeba

Giza likikaribia, piga kengele yoyote, hata sufuria na kijiko, na mtu mmoja aite majina ya watoto kwa sauti ya mama aliyekwisha kasirika. Sarafu zilizobaki zinunue kilichobaki, dirisha lifungwe.

Mgeni wa Kifilipino haondoki mikono mitupu, na atashangaa usipomfungia kitu. Polvoron hukaa wiki mbili kwenye kopo lisiloingiza hewa, mahali pa baridi. Pastillas zitie friji na zimalizwe ndani ya wiki moja. Turon usimpe mtu wa safari ndefu, manda italainika kabla hajafika. Mwambie ale mbili za mwisho hapohapo akiwa amesimama.